Nusu Mzunguko

Land Rover ninayotaka kuisimulia ni Series III ya petroli, chasi ndefu ya inchi 109, ile ambayo wazee wa upande wa Misungwi mpaka leo wanaiita "mia na tisa". Series III zilitengenezwa Uingereza kuanzia 1971 hadi 1985. Hii ya kwetu babu aliinunua mnadani, wakati serikali inauza magari yake yaliyochoka, na kwa miaka mingi ilibeba pamba, mahindi, wagonjwa, maharusi, na mara moja, kwa ushahidi wa bibi, ng'ombe aliyegoma kutembea. Ilibeba pia magunia ya mbegu za pamba za UK. UK hiyo siyo Uingereza, ni Ukiriguru, kituo cha utafiti kilichoko Misungwi hapo hapo. Babu alipenda kusema kwamba ana UK mbili safarini, na ni moja tu inayovuja oili.

Babu alipofariki, gari likaegeshwa chini ya mwembe nyumbani Buhongwa. Likakaa miaka kumi na moja. Kuku walitagia kwenye kiti cha dereva.

Kila ninapoisimulia habari hii hosteli, kuna mtu lazima aulize: "Sasa si mngenunua tu IST?" Swali zuri, ila sisi hatukuwa na shida ya usafiri. Tulikuwa na shida ya hela. Baba mdogo alikuwa amepata mteja, mtu mwenye loji upande wa Lamadi, karibu na lango la Ndabaka la kuingilia Serengeti. Watalii wa siku hizi, inaonekana, wanafurahi zaidi kupokelewa na gari linalotingisha mifupa kuliko lenye kiyoyozi. Mteja alikuwa tayari kutoa milioni kumi na nne kwa sharti moja: gari liwake na litembee lenyewe, asije akalivuta kwa kamba. Baba mdogo akakopa milioni tatu na laki mbili kwenye kikoba ili alifufue. Mdhamini wake alikuwa mama yangu, anayeuza dagaa Mwaloni, Kirumba. Na hisa za mama kwenye kikoba hicho ndizo zinazoziba ule upande wa ada yangu ambao Bodi ya Mikopo haiufikii. Deni lisipolipwa mwisho wa mwezi, hisa zinaliwa. Kwa hiyo mwaka huu, katika likizo fupi kati ya semista, sikwenda kokote. Nilikaa Buhongwa kuangalia ada yangu ikikataa kuwaka.

Maana ilikataa. Gari lilikuwa limependeza kweli, rangi ya kijani mpya, taa zinang'aa, matairi meusi kama ya dukani. Injini ilishushwa ikapelekwa kwenye gereji moja mjini, ambayo sitaitaja, ikafanyiwa kazi yote: krenki ikachongwa, pistoni zikawekwa ringi mpya, valvu zikasagwa, hedi ikanyooshwa. Ikarudi, ikafungwa. Majirani wakaja siku ya kuwasha. Baba mdogo akageuza ufunguo, stata ikavuta vizuri tu, kwa nguvu, na injini ikapiga chafya. Chafya hasa, kupitia kwenye kabureta: pfaa! Akarudia. Pfaa! Mara ya tano hivi ukatoka mlipuko nyuma kwenye ekzosi uliowaamsha mbwa wa mtaa mzima. Baada ya hapo betri ikachoka, majirani wakarudi makwao.

Fundi wa kwanza alikuwa kijana mwenye heshima na haraka. Alisema ni plagi. Tukanunua plagi nne. Akasema ni koili, tukanunua koili. Kondensa ikafuata. Akafungua kabureta, akaiosha, akaifunga. Siku ya nne akasema pampu ya mafuta nayo ni ya kutiliwa shaka, tukanunua ya mtumba. Laki tatu na elfu kumi zikaenda, na gari likaendelea kupiga chafya ile ile, sasa kwa vifaa vipya. Simlaumu sana. Amejifunzia kazi kwenye magari ambayo unachomeka kifaa chini ya dashibodi, kinakuambia kosa kwa namba, nawe unabadilisha kilichotajwa. Kwenye gari kama hili hakuna pa kuchomeka. Linakuambia kila kitu, lakini kwa lugha yake. Na ukishazoea kutafsiriwa, basi kitu pekee unachobaki nacho mkononi ni kubadilisha.

Mama ndiye aliyemkumbuka mzee mmoja anayekaa Igogo, aliyefanya kazi ya injini miaka mingi kwenye majineri ya pamba. Alikuja na bajaji, akiwa na kimfuko cha turubai na miwani iliyofungwa kwa uzi. Akasalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka," tukaitikia, akaomba ndoo ya kukalia. Baba mdogo akaanza kumweleza tulivyobadilisha hiki na kile. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sawa. Sasa piga stata mara moja tu, halafu uache."

Pfaa!

"Anayepiga chafya anapumua," mzee akasema. Akaniangalia mimi. "Wewe ndiye mwalimu?" Nikamwambia bado nasoma, mwaka wa tatu, Jiografia na Kiswahili. "Basi lete daftari. Na hicho kitabu cha gari."

Kitabu chenyewe kilikuwa cha matengenezo cha hiyo Series III, babu alikitunza kwenye mfuko wa nailoni, kurasa zimeshika oili mpaka zimekuwa kama karatasi za maandazi. Ni cha Kiingereza. Mzee aliishia darasa la saba la zamani, na Kiingereza cha kitabu anakijua kwa michoro. Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kusoma, kwa sauti, taratibu, na kutafsiri. Ninaitaja kazi hiyo kwa sababu mwishoni kila kitu kilitegemea maneno mawili kwenye kitabu hicho.

Kabla ya kushika spana aliniandikisha hivi: injini ya petroli inadai vitu vitatu, yaani moto, mafuta, na hewa iliyobanwa. Cha nne ni saa. Ukikosa kimoja kati ya vile vitatu, haiwaki. Ukiwa navyo vyote lakini saa mbaya, inapiga chafya. "Lakini usikimbilie saa kwa sababu umesikia chafya," alisema. "Kwanza hakikisha vitatu vipo. Ukiruka, kesho utarudi ulipoanzia na hujui umegusa nini."

Akaanza na moto. Alichomoa plagi ya kwanza, ile ya mbele kabisa upande wa rejeta, akairudisha kwenye waya wake, akailaza juu ya chuma cha injini, mbali na tundu lake ili mvuke wa petroli usije ukashika. Tukaziba jua kwa kanga. Baba mdogo akapiga stata, na tukaona cheche: ya bluu, yenye mlio mkavu. "Ingekuwa ya njano, imelegea, ningeanza kufikiria," mzee akasema. Hata hivyo akafungua kofia ya distributa. (Mafundi waliotoka Kongo huiita delko, jina la ile kampuni ya Marekani, Delco, iliyoanzisha mfumo wa namna hii zaidi ya miaka mia iliyopita.) Ndani yake kuna pointi, vijibamba viwili vinavyogusana na kuachana, na kila vinapoachana ndipo koili inatupa moto. Kitabu kinataka pointi ziachane kwa milimita 0.35 hadi 0.40. Nikamsomea, akapima kwa geji yake ya vibamba vyembamba, zilikuwa sawa. Nilishangaa kwamba hakuonekana kufurahi wala kusikitika. Aliniambia tu, "Weka tiki."

Mafuta yalichukua dakika kumi. Akafungua bomba linaloingia kwenye kabureta, akaweka chupa ya maji iliyokatwa, akasukuma kile kikono kidogo kilicho kwenye pampu, petroli ikaruka. Akanusa plagi tatu zilizobaki. Zilikuwa mbichi, zinanuka petroli. Maana yake petroli ilikuwa inaingia ndani na haichomwi. Tiki.

Hewa iliyobanwa ndiyo niliyoipenda. Fundi mwenye vifaa ana geji ya kompresheni. Mzee alikuwa na kidole gumba. Alichomoa plagi zote, akaziba tundu la kwanza kwa kidole, akamwambia baba mdogo azungushe injini kwa hendeli. Land Rover hizi zina tundu mbele la kuingizia hendeli, kama cherehani kubwa. Injini ikazunguka taratibu, na kwa wakati fulani kidole cha mzee kikasukumwa kwa nguvu na hewa ikatoka kwa mlio. Akanipa nafasi nijaribu la pili, la tatu, la nne. Huwezi kuzuia. Hata ukibonyeza kwa mwili wote, hewa inakutoa. Kwa hiyo valvu zinafunga, ringi zinashika, gereji ile ilikuwa imefanya kazi nzuri sana ya chuma. Tiki ya tatu. Na gari haliwaki.

Hapa ndipo baba mdogo alipokata tamaa. Akakaa chini ya mwembe, akapiga hesabu kwenye simu, akasema labda tuwauzie watu wa chuma chakavu kwa kilo. Mwisho wa mwezi ulikuwa siku tisa mbele. Mimi nilikuwa naangalia ukurasa wenye tiki tatu. Kwa mtu mwingine ukurasa ule ni habari mbaya, vitu vyote vizima na bado. Mzee yeye alikuwa anakunywa chai kwa raha. "Sasa tumefika mahali," akasema. "Hakuna kilichoharibika. Soma kile kipande cha taiming."

Nikasoma. Kinasema, kwa Kiswahili changu cha papo kwa papo: zungusha injini mpaka pistoni namba moja ifike juu kabisa kwenye mpigo wa mgandamizo, alama ya puli ikutane na kionyeshi, hapo rota ya distributa iangalie waya wa plagi namba moja.

"Rudia."

Nikarudia.

"Umesema juu kabisa kwenye nini?"

"Kwenye mpigo wa mgandamizo. Compression stroke."

"Aah, kompresheni." Akaweka kikombe chini. "Wengi hapo wanaruka. Wanasikia 'juu kabisa', wanaona alama imekutana, wanafunga."

Inabidi niieleze sehemu hii kwa wenzangu wa sanaa kama nilivyoelezwa, kwa sababu ukishaielewa hutaisahau. Injini hizi hufuata mpango aliouweka Mjerumani Nikolaus Otto mwaka 1876: pistoni inashuka kuvuta hewa na petroli, inapanda kubana, inasukumwa chini na mlipuko, inapanda tena kutoa moshi. Hatua nne, yaani krenki huzunguka mara mbili kukamilisha kazi moja. Distributa, yenyewe, huzunguka mara moja. Sasa fikiria: katika kazi moja pistoni namba moja inafika juu kabisa mara mbili. Mara ya kwanza imebana mchanganyiko, inasubiri moto. Mara ya pili inamalizia kutoa moshi, haina inachosubiri. Kwa macho ni hali moja. Alama iliyoko kwenye puli ya krenki haijui tofauti, maana krenki nayo haijui. Anayejua ni kidole gumba.

Mzee akarudisha kidole kwenye tundu la kwanza. Hendeli ikazunguka. Kidole kilipoanza kusukumwa akasema "Polepole," na mimi nikawa naangalia puli. "Imekutana," nikasema. Akafungua kofia ya distributa. Rota ilikuwa imegeuka nyuma kabisa, inaangalia waya wa namba nne.

Hakuna aliyesema kitu kwa muda kidogo. Yaani kila kitu ndani ya injini ile kilikuwa sahihi kwa kipimo, na chote kilikuwa kimefungwa nusu mzunguko mbali na mahali pake. Moto wa namba moja ulikuwa unakuja pale pistoni inapomalizia kutoa moshi na valvu ya kuingizia inaanza kufunguka, kwa hiyo unakutana na petroli inayoingia na kurudi nao kwenye kabureta. Ndiyo chafya. Na pale pistoni inapokuwa imebana kweli, hakuna moto, mchanganyiko unasukumwa nje bila kuungua mpaka kwenye ekzosi yenye joto. Ndio mlipuko wa mbwa. Plagi mpya zingefanya hivyo hivyo, na koili ya dhahabu ingefanya hivyo hivyo.

Nilicheka peke yangu, wakafikiri nawacheka. Nilikuwa nimemkumbuka mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili niliyemfundisha kwenye TP mwaka jana, shule moja ya kata kando ya ziwa. Niliwauliza waeleze upepo wa mchana na wa usiku kati ya ziwa na nchi kavu. Kijana huyu akajibu ukurasa mzima: mchana upepo unatoka nchi kavu kwenda ziwani, usiku unatoka ziwani kuja nchi kavu. Kinyume kabisa. Lakini ukifuata hoja yake hatua kwa hatua, hakuna pa kumkata: hewa yenye joto inapanda, hewa ya ubaridi inakuja kujaza nafasi, mshale kwa mshale. Nilipomwita akaniambia chanzo chake. "Madam, maji yanashika joto haraka kuliko ardhi. Alfajiri tukitoka kwenye dagaa tunaoga ziwani, maji ya moto, nje baridi." Na alikuwa anasema kweli kuhusu alfajiri. Maji hayo ni ya vuguvugu kwa sababu yamechelewa kupoa, kama yanavyochelewa kupata moto. Yeye aliona joto la alfajiri akalihesabu kuwa ni haraka. Tukaweka mchanga kwenye sahani moja na maji kwenye nyingine, juani, nusu saa, akagusa zote mbili. Hakuuliza swali lingine. Alichukua daftari akageuza mishale yote, maelezo mengine akayaacha kama yalivyo, na jibu likawa zuri kuliko la mtu yeyote darasani.

Tunasahihisha sana kama yule fundi wa kwanza. Mtoto amekosa, mpe zoezi jingine, mpe noti nyingine, mpe rimedio Jumamosi, yaani plagi mpya, koili mpya. Mwaka wa pili tulifundishwa upimaji kwa semista nzima na nilipata alama nzuri tu, lakini mtu aliyenionyesha kwa mkono kwamba kosa linaweza kuwa na mpangilio mzuri ni mzee mwenye miwani ya uzi. Nasema hivi bila kuidharau kozi. Kozi ilinipa msamiati.

Tukarudi kwenye gari, na hapo ukatokea ubishi ambao ndio uliochukua jioni. Kuna njia ya mkato. Injini ile moto wake hufuata mpango wa 1-3-4-2. Ukichomoa waya wa namba moja ukauweka pa nne, wa nne pa moja, wa tatu pa mbili, wa mbili pa tatu, umegeuza nusu mzunguko bila kufungua kitu. Dakika mbili. Mzee akafanya hivyo hivyo, plagi zikarudi, akamwambia baba mdogo awashe.

Iliwaka kwenye mzunguko wa pili. Si kwa kelele kubwa. Ilishika, ikayumba kidogo, ikatulia kwenye ule mlio wa Land Rover ambao mtu wa rika langu anausikia kwenye filamu za zamani tu. Bibi alitoka ndani. Alisimama mlangoni ameshika mwiko, hakuja karibu, akasikiliza mpaka mzee alipoizima.

Baba mdogo tayari alikuwa anatafuta namba ya mteja. Mzee akasema bado. Akasema kesho atakuja afungue distributa, arekebishe shafti yake, arudishe waya mahali zinapotakiwa na kitabu. Baba mdogo hakuelewa. Gari limewaka! Linalipa nini kufungua kitu kinachofanya kazi? Kwa injini, kwa kweli, hakuna tofauti yoyote. Ingetembea hivyo hivyo mpaka Bukoba. Mzee alijibu kwamba injini yeye haimpi shida. Anamfikiria fundi atakayeifungua Lamadi miaka mitano ijayo, ana kitabu mkononi, anafuata kila neno, anaweka kila waya panaposemwa, na gari linakataa kuwaka. "Huyo atakuwa amefanya sawa, na ataonekana mjinga," alisema. "Mimi sitaki kumfanyia mtu hivyo."

Nilikuwa upande wa baba mdogo, niseme ukweli, kwa sababu ya kalenda. Na bado nadhani kuna hoja hapo. Umaskini una saa yake, na haingoji distributa. Lakini mzee hakuomba hela ya ziada kwa siku ya pili, kwa hiyo hatukuwa na la kubishia. Alikuja saa moja asubuhi. Saa nne injini ilikuwa inawaka kwa mpango wa kitabu, taiming imewekwa vizuri, na haikupiga chafya hata ilipokuwa ya baridi.

Mteja alikuja Jumamosi na fundi wake. Wakaiendesha mpaka njia panda ya Usagara na kurudi. Yule fundi akafungua boneti, akafungua kofia ya distributa, akazungusha hendeli, akaangalia, akafunga, akamwambia bosi wake kwa sauti ya chini, "Imefungwa kistaarabu." Baba mdogo alinitazama na mimi nikatazama pembeni. Walipunguza laki tano kwa sababu ya oili iliyodondoka chini ya gia boksi wakati wanazungumza. Ile UK ya pili haikutuacha salama. Milioni kumi na tatu na nusu. Jumatatu mama alienda kwenye kikoba akarudi na kitabu chake kimepigwa mhuri.

Mwanza tuna mazoea ya kufufua vitu. MV Victoria iliyoanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilikarabatiwa ikarudi kwenye safari za Bukoba mwaka 2020, na watu walienda Bandari ya Kusini kuiangalia tu. Kule Makoroboi mtaa mzima ulipata jina kwa mafundi waliogeuza makopo kuwa taa. Ila ufufuaji wetu mwingi unakaa kwenye vichwa vya wazee, na vitabu vya kuusaidia vimekaa kwa Kiingereza kwenye mifuko ya nailoni. Fundi aliyefunga distributa ile nina hakika ana mikono mizuri kuliko wengi. Maneno mawili tu hayakumfikia.

Kabla ya kurudi chuo niliandika kurasa mbili za Kiswahili kutoka kwenye kile kitabu: pointi, plagi, mpango wa moto, taiming. Nilimpelekea mzee Igogo. Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, akakata "mpigo wa mgandamizo" akaandika juu yake "kompresheni, kidole kinasukumwa". Pale nilipoandika "kitenganishi cha mguso" akaniuliza ni kitu gani, nikamwambia ni pointi, akasema basi andika pointi. Nikaandika upya. Sasa kurasa zimebandikwa ukutani kwa gundi ya ugali, na nimeambiwa yule fundi wetu wa kwanza alipita akazipiga picha kwa simu. Mzee anataka na za dizeli. Kuna lori la Bedford linamsumbua tangu Januari, na kitabu chake anacho, kiko chini ya godoro.